Baada ya St. Anger, je, Death Magnetic inastahili kusikilizwa?

Swali
Ndugu wapenzi wa metali, muziki wa gitaa nzito, naomba maoni yenu. Niliijua Metallica, kundi la Marekani la muziki huo, kupitia Master of Puppets ya mwaka 1986, albamu ninayoikumbuka wimbo kwa wimbo hadi leo, lakini St. Anger ya mwaka 2003 ilinivunja moyo hata nikaacha kuwafuatilia. Dakika 75 bila solo ya gitaa (sehemu ambapo gitaa moja huongoza), huku sneya, ile ngoma ya dramu yenye nyaya chini yake, ikilia kama debe tupu, zilinishinda. Wengi husema kwamba Death Magnetic, iliyotoka Septemba 2008, iliwarudisha kwenye thrashi, ule mtindo wa metali ya kasi waliouanza nao. Je, ni kweli, au ni mapenzi tu ya mashabiki wa zamani?

Jibu la kwanza
Mkuu, kwa upande wa utunzi ni kweli kabisa. Prodyuza Rick Rubin, aliyeshika nafasi ya Bob Rock, prodyuza wa St. Anger, aliwahimiza warudie fikra walizokuwa nazo enzi za albamu hiyo hiyo unayoipenda. Mpiga gitaa Kirk Hammett alirudishiwa solo zake, nyuzi za gitaa zilizolegezwa sana kwenye St. Anger zikakazwa tena, na mpiga besi Robert Trujillo, ambaye alijiunga mwaka 2003 wakati besi ya albamu ile ilikuwa imeshapigwa na Bob Rock mwenyewe, akapata nafasi ya kurekodi albamu yake ya kwanza na kundi. Anza na The Day That Never Comes, wimbo wa karibu dakika nane ambao huanza kwa upole na kumalizika kwa gitaa mbili zinazokimbizana kwa kasi, kisha usikilize Suicide & Redemption, wimbo wao wa kwanza usio na maneno katika albamu ya studio tangu mwaka 1988.

Jibu la pili
Nakubaliana na mwenzangu kuhusu utunzi, ila muulizaji aambiwe pia habari ya sauti. Nyimbo zilibanwa mno ili zisikike kwa ukubwa ule ule muda wote, hivyo tofauti kati ya sehemu tulivu na sehemu nzito ikakaribia kufutika, na dramu zinapopigwa kwa nguvu unasikia mkwaruzo ambao haukutoka kwenye chombo chochote. Ted Jensen, aliyefanya hatua ya mwisho ya kuandaa sauti, alieleza kwamba nyimbo zilimfikia zikiwa tayari katika hali hiyo. Mashabiki walipolinganisha na nyimbo zile zile zilizowekwa kwenye mchezo wa video wa Guitar Hero, ambazo hazikubanwa kiasi hicho, maelfu yao walitia saini ombi la kutaka albamu ichanganywe upya. Jambo hili huniuma kuliko St. Anger nzima, kwa kuwa safari hii wanamuziki walikuwa wamefanya kazi yao vizuri.

Jibu la tatu
Naomba St. Anger nayo itendewe haki. Mpiga besi Jason Newsted aliondoka Januari 2001, na miezi michache baadaye mwimbaji James Hetfield akaingia kwenye matibabu ya ulevi, kwa hiyo tunachokisikia ni kundi lililokuwa karibu kuvunjika. Sneya ile ilirekodiwa nyaya zake za chini zikiwa zimeachiwa. Nami siipendi, lakini hasira ya albamu ile naiamini.

Muulizaji
Nawashukuru sana. Nimeisikiliza Death Magnetic mara mbili kwa utulivu. Mapigo ya moyo yanayofungua That Was Just Your Life, kisha gitaa zikaingia, yalinirudisha miaka mingi nyuma. Mkwaruzo nimeusikia, hasa kwenye The Day That Never Comes, na naona The Unforgiven III haikuhitajika. All Nightmare Long, hata hivyo, nimeirudia mara nne, na kesho nitaisikiliza tena.