Naomba ushauri: swali la mradi wangu wa utafiti limebanwa vya kutosha?

Habari zenu wakuu. Nina mradi wa utafiti wa shule, mada ni chumvi na mimea. Swali la mwanzo lilikuwa "Chumvi inaathirije mimea?" Mwalimu akalizungushia duara, akaandika pembeni: mimea ipi, chumvi kiasi gani, athari ipi? Yuko sahihi, swali lile mtu angelifanyia kazi hadi azeeke.

Sasa nimelibana hivi: "Je, maji yenye gramu 0, 2, 4 na 8 za chumvi ya mezani kwa lita yanapunguza idadi ya mbegu za maharage zinazoota ndani ya siku 10?" Maharage huota haraka na hayavumilii sana chumvi. Nitaotesha kwenye pamba, kwa sababu kwenye udongo sitauona mzizi unapotokeza nje ya ganda, na hiyo ndiyo alama yangu ya kuota. Sitaki ubishi wa "hii imeota, hii bado".

Kinachonisumbua: nikipima na urefu wa mche, si nitakuwa na maswali mawili ndani ya moja? Halafu rafiki yangu anasema jibu linajulikana, chumvi huua mimea. Mimi naona hilo halisemi inaanza kudhuru kwenye kiwango gani, na hapo ndipo penye utafiti. Au najifariji tu?

Waliowahi kusimamia miradi hii, mbegu ngapi kwa kila kiwango zinatosha ili matokeo yasiwe ya kubahatisha?