Mjadala: Katiba mpya wakati Goma na Bukavu haziwezi kupiga kura?

Mwanzisha mada

Jambo wandugu. Naandika kutoka Lubumbashi, hapa kwetu Kongo (RDC), tujibizane kwa heshima. Tangu Raisi Tshisekedi alipotangaza kule Kisangani, Oktoba 2024, kwamba ataunda tume ya kuandaa Katiba mpya, watu wanabishana kwenye basi, kanisani, hata matangani. Wengi wanabishana juu ya mtu: abaki au aondoke. Mimi nataka tuyaangalie maandishi yenyewe.

Katiba tuliyo nayo tuliipigia kura Desemba 2005, ikatangazwa tarehe 18 Februari 2006. Kila mtu anataja kifungu cha 220, kinachokataza kugusa idadi na urefu wa mihula ya Raisi, uhuru wa mahakama, kura ya wote na wingi wa vyama. Someni pia cha 219. Kinakataza marekebisho yoyote wakati wa vita, au wakati wa hali ya dharura, au wakati utawala wa kijeshi umetangazwa. Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala huo Mei 2021. Waasi wa M23 waliingia Goma, kule mashariki, Januari 2025, Bukavu Februari. Kwa hiyo nasema: huu si wakati, na Katiba yenyewe ndiyo inayosema hivyo. Nipingeni.

Papa wa Kamalondo

Nakupinga, ndugu. Katiba hii ilitokana na mazungumzo ya watu wenye bunduki, kule Sun City, Afrika ya Kusini, na kila kundi lilikuwa linatafuta kiti. Matokeo yake? Tulichagua Desemba 2023, serikali ikatangazwa mwishoni mwa Mei 2024. Miezi mitano nchi nzima inangoja! Na gavana je? Anachaguliwa na wabunge wa jimbo peke yao, watu wachache ndani ya chumba kimoja, na pesa inavyotembea siku zile sote tunajua. Kifungu cha 5 kinasema mamlaka ni ya wananchi. Wakitaka Katiba nyingine, waliopiga kura 2005 watawafunga mikono mpaka lini? Ukisema tungoje vita viishe, Mashariki wanapigana tangu mimi niko kijana. Sasa nina wajukuu.

Mama wa Katuba

Wanangu, mimi si mtu wa sheria, nasema nililoliona. Mtoto wa jirani alikamatwa sokoni, akalala kasho (mahabusu ya polisi) siku nne, na nyumbani kwao wanaombwa pesa. Kifungu cha 18 kinasema saa 48 tu, kisha aachiliwe au apelekwe mbele ya sheria. Tena aambiwe sababu papo hapo, kwa lugha anayoisikia. Kijana wangu anasoma sheria chuoni. Aliniandikia kifungu hicho kwa Kiswahili kwenye karatasi ya daftari, nikaenda nacho. OPJ, yule afisa wa upelelezi, alikisoma, akakirudia, akaniuliza nimekitoa wapi. Jioni mtoto alitoka, na hatukulipa hata franga moja.

Kifungu cha 45 kinaamuru Katiba isambazwe na ifundishwe. Cha 142 kinataka kila sheria itolewe kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne za taifa ndani ya siku 60. Niliuliza kwenye avenyu yetu, sikukuta nyumba hata moja yenye Katiba. Mnatuitia kura ya pili, na ile ya kwanza hatujaisoma?

Mtu wa Goma, niko Ruashi

Papa wa Kamalondo, shikamoo. Unasema wananchi. Wazazi wangu walibaki Goma, kura yao mtaichukulia wapi? Desemba 2018 watu wa Beni, Butembo na Yumbi waliambiwa wangoje mpaka Machi 2019. Ilipofika Machi, Raisi alikuwa amekwisha kuapishwa tangu Januari. 2023 Masisi na Rutshuru hawakupiga kura. Kila mara tunaambiwa tarehe imefika, nchi haiwezi kungoja. Kwa uchaguzi nilikubali, kwa uchungu, juu mihula ina mwisho wake. Lakini Katiba mpya haina tarehe. Nani anatukimbiza?

Mwanzisha mada

Ndugu wa Goma, hapo umenisemea. Papa, juu ya gavana niko nawe kabisa. Utaratibu huo uko kwenye kifungu cha 198, na sioni kwamba cha 220 kinazuia wananchi wamchague gavana wenyewe. Cha 218 kinaruhusu hata wananchi 100,000 kuomba marekebisho kwa sahihi zao, bila kumngoja Raisi. Kwa hiyo kasoro unazozitaja hazidai Katiba mpya. Na kumbuka Januari 2011: Bunge na Seneti walikaa pamoja wakafuta duru ya pili ya uchaguzi wa Raisi, miezi kumi tu kabla ya kura, na sisi hatukuulizwa. Njia ilikuwa ya kisheria, na bado iliwaumiza watu. Sitaki tena mambo ya haraka.

Papa wa Kamalondo

Marahaba, mwanangu wa Goma, na poleni. Juu ya tarehe sina la kukujibu leo. Ila hizo sahihi 100,000 zimenishika. Tukianza kuzikusanya hapa Katanga kwa ajili ya gavana, je, Bunge linaweza kuzipokea sasa na kuziweka mpaka amani irudi? Au kule kuzipokea tu tayari ni kuanza marekebisho ambayo 219 inayakataza? Anayejua sheria atujibu, mimi niko tayari kuzunguka Kamalondo na kalamu.