Mrejesho: yule kaa wa kijitoni Rungwe

Wakuu, naleta mrejesho. Niliuliza kuhusu kaa wa kahawia anayejificha chini ya mawe kwenye kijito huku Rungwe: ni dume au jike, na je, alipanda kutoka Ziwa Nyasa?

Asanteni mlionishauri nimgeuze tumbo. Nilimshika kwa nyuma ya gamba, vidole mbali na magando. Ule mkia uliokunjwa chini ya tumbo ni mpana, wa mviringo, umefunika karibu tumbo zima. Jike huyo, wa dume huwa mwembamba wenye ncha. Nikaufunua kidogo tu, nikakuta watoto! Kaa kamili, wadogo mno, wamemng'ang'ania mama yao. Nilifurahi sana, maana hapo swali la ziwa lilijijibu. Kaa wengi wa baharini huanza maisha kama lava, yaani vichanga wasiofanana bado na kaa, wanaoelea majini, lakini hawa wa maji baridi hutoka kwenye yai wakiwa kaa tayari, kwa hiyo ukoo mzima huweza kuishi kijitoni bila kufika ziwani.

Jenasi ni Potamonautes. Spishi bado, kwani wataalamu huangalia sana viungo vya uzazi vya dume. Mama na wanawe nimewarudisha palepale, na jiwe lao juu.

Na wale viumbe wa kijivu chini ya magogo yaliyooza, wenye miguu 14, niliouliza pia kama ni wadudu? Mdau alisema kweli: si wadudu, ni krasteshia wa nchi kavu, jamaa za kaa. Nikipata kaa dume nitaleta picha ya tumbo lake.