Taa ya breki ya 110 imegeuka parking, nifanyeje?

mtu_wa_freearea
Habari wakuu. Niko na Corolla 110 ya 1998, haijawahi kunisumbua sana mpaka wiki hii. Juzi usiku nikitoka Molo kuna lori nyuma yangu likanimulika mulika mpaka nikalipisha, kufika Salgaa nikampata dereva ananingoja, akaniambia boss taa yako ya kulia imewaka kama umekanyaga breki safari yote, hatujui unasimama ama unaenda. Kufika nyumbani nikamweka kijana nyuma aangalie. Usiku taa zikiwa on, ya kulia ni kali na nikikanyaga breki hakuna tofauti. Mchana taa zikiwa off nikikanyaga, kushoto inawaka vizuri, kulia inatoa mwanga kama wa mshumaa. Hiyo balbu ya kulia nilibadilishiwa majuzi kando ya barabara na jamaa fulani alikuwa na haraka. Tena indiketa ya kushoto inapiga mbio mbio. Nataka kujitengenezea Jumamosi, vifaa niko na bisibisi tu na spana mbili tatu. Na hedilaiti nikipita Mau Summit na ukungu sioni kitu, si niweke za wati 100?

fundi_wa_waya_nax
Kaka hiyo ya kulia balbu imeingia kinyume. Breki na parking ya nyuma (ile taa ndogo ya usiku) zinatumia balbu moja yenye nyaya mbili ndani, imeandikwa 12V 21/5W, ile ya 21 ni ya breki, ile ya 5 ni parking. Itoe uiangalie kiunoni, utaona vile vipini viwili vya pembeni haviko sawa, kimoja kiko juu kingine chini, vilifanywa hivyo makusudi ndio iingie upande mmoja tu. Sasa holda ya gari ya zamani imelegea, mtu akilazimisha na koleo inaingia hata kinyume na parking inaenda kuwasha ile ya 21. Ndio hiyo yako.
Fungua buti, vuta ile kava ya pembeni, zungusha holda kidogo itatoka. Balbu unaisukuma ndani kwanza halafu unazungusha kushoto, usiivute tu utabaki na kioo mkononi na chuma ndani. Angalia kama jamaa alipinda mdomo wa holda, unyooshe polepole.
Indiketa kupiga mbio ni balbu moja ya upande huo imekufa, ya mbele ama ya nyuma. Washa hazadi uzunguke gari utaiona. Usikubali kuuziwa flasha kwanza, kile kidude kinachopigisha indiketa.

mama_probox_ksm
Naongezea hapo kwa holda. Yangu nilibadilisha balbu tatu ndani ya mwezi mmoja nikijua naibiwa na watu wa spea kumbe holda ilikuwa na ule unga wa kijani, maji ya mvua yalikuwa yanaingia kwa mpira wa taa. Nilizima kila kitu nikatoa ufunguo, nikachukua tupa ya kucha (ndio, ya kucha, msasa haungeingia) nikasugua vile vichuma vya chini mpaka vikang'aa. Mpaka leo iko sawa. Na ukiona umekanyaga breki halafu indiketa nayo inawaka kidogo kidogo, hapo waya ya ethi inayoshika bodi ndio imeshika kutu, usinunue balbu.

jaduong_kibos
Wewe kijana wati 100 wachana nazo. Kama hedilaiti yako inatumia balbu aina ya H4, ni wati 60/55, soma kwenye balbu yenyewe. Mimi niliweka 100/90 nikajiona mjanja, baada ya muda plagi ya nyuma ikayeyuka ikashikana na balbu kama peremende kwenye jua.

otieno_wa_led
Si aweke LED tu jameni, haili moto na inawaka mbali

fundi_wa_waya_nax
LED kwa kioo cha H4 inatawanya mwanga, wewe unaona nyeupe hapo mbele na anayekuja amepofuka, na kwa ukungu inakurudia usoni. Anza na plastiki, 110 nyingi zimekuwa njano kama mkojo, hiyo isuguliwe na msasa laini wa maji halafu polishi. Kama bado ni hafifu chukua mita ya kupima volti, injini ikiunguruma na taa zimewaka pima kwa betri halafu pima kwa plagi ya taa. Betri ikisoma 14 na plagi 11, shida ni nyaya zimechoka, weka rilei, ile swichi ya umeme inayopeleka moto wa betri moja kwa moja kwa taa. Na balbu mpya ya H4 usishike kioo na vidole, mafuta ya mkono yanachoma hapo inapasuka mapema. Shika na tishu.

mtu_wa_freearea
Nimerudi. Fundi ulikuwa kama umeiona kwa macho! Vipini kweli kimoja juu kimoja chini na kile cha juu kilikuwa kimekwaruzwa, jamaa alitumia nguvu. Nimenyoosha holda, balbu ikaingia yenyewe bila vita, kijana nyuma anapiga kelele "IMEWAKA BABA". Indiketa ilikuwa ya mbele, kioo kimekuwa cheusi ndani, mia moja nimemaliza. Mama probox tupa ya kucha nimeiba ya mke wangu, sasa imejaa kijani na anaitafuta.

mama_probox_ksm
Nunua nyingine kabla hajaingia buti 😂