Gumzo la majirani wa Migosi, Kisumu: nyasi zinazofichwa chini ya jukwaa

Mama Akinyi: Habari za jioni, majirani. Kijana wangu ananiuliza jinsi uwanja wa Tottenham, klabu ya London, unavyotumika kwa soka na pia kwa ule mpira wa Kimarekani wa kuvaa helmeti bila nyasi kuharibika. Mwalimu, nisaidie kabla sijambunia jibu.

Mwalimu Odhiambo: Njema, Mama Akinyi. Hazikanyagwi nyasi zile zile. Uwanja huo una sakafu mbili: ya juu ni ya nyasi halisi, iliyogawanywa katika vipande vitatu vyenye uzito wa zaidi ya tani 3,000 kila kimoja, na ya chini ni ya nyasi bandia. Siku ya Wamarekani ikifika, vipande hivyo husukumwa na mota hadi chini ya jukwaa la kusini, kazi ya takriban dakika 25, na huko nyasi huendelea kupata mwangaza wa taa na maji.

Baba Wafula: Pesa zote hizo ni za kuficha nyasi? Na msimu wa 2024/25 walimaliza wa 17 ligini. Sisi wa Arsenal tumenyamaza tu.

Mwalimu Odhiambo: Msimu huo huo walitwaa Kombe la Europa kwa kuilaza Manchester United 1-0 mjini Bilbao, kwa hivyo endelea kunyamaza. Hata hivyo, hoja yangu si vikombe. Uwanja wao wa zamani, White Hart Lane, ulibeba watu 36,000 hivi, ilhali uwanja huu una viti 62,850. Mechi za ligi za nyumbani ni 19 tu kwa msimu, na jengo lililogharimu takriban pauni bilioni moja haliwezi kulipiwa na siku hizo peke yake. Ndiyo maana bondia Usyk alimshinda mwenzake Joshua pale Septemba 2021, na Beyoncé naye akaimba pale, huku mapato yakiingia katika klabu yenyewe, kwa kuwa ndiyo mwenye nyumba.

Fundi Ochieng: Jaduong', na Victor Wanyama, Mkenya wetu aliyechezea Tottenham, aliwahi kucheza humo, au aliishia katika uwanja wa Wembley?

Mwalimu Odhiambo: Alicheza, na alifunga. Spurs, yaani Tottenham, walikaa Wembley msimu mzima wa 2017/18 na sehemu kubwa ya uliofuata, kwa sababu ujenzi ulichelewa, kisha wakafungua makao mapya tarehe 3 Aprili 2019 kwa kuishinda Crystal Palace 2-0. Siku 10 baadaye Huddersfield walipigwa 4-0, na bao la kwanza lilikuwa la Wanyama, kabla Lucas Moura hajaongeza matatu.

Mama Akinyi: Sasa uwanja wetu wa Mamboleo hapa Kisumu, uliofunguliwa Siku ya Madaraka ya 2021, ni nyumbani kwa nani?

Baba Wafula: Ni mali ya umma, mama. Klabu yenu ya Gor Mahia, pamoja na Kombe la Washindi la Afrika la 1987, haina uwanja wake tangu iasisiwe 1968. Ingwe yangu, yaani AFC Leopards, ni ya 1964 na ni mpangaji vilevile.

Mwalimu Odhiambo: Upangaji si kasoro mradi mpangaji awe na mkataba. Klabu ikipewa Mamboleo kwa miaka kadhaa, tarehe zake zikaandikwa mapema na kuheshimiwa hata wanasiasa wanapotaka mkutano, itaweza kuuza tiketi za msimu mzima na kumshawishi mdhamini aweke bango lake pale. Mashine za kusukuma nyasi hatuzihitaji. Tunahitaji kalenda, na mtu mwenye ujasiri wa kumwambia mheshimiwa kwamba Jumamosi hiyo kuna mechi.

Fundi Ochieng: Mtu huyo hajazaliwa.

Baba Wafula: Tuseme Gor ndiyo ipewe. Mashabiki wake wa Nairobi watakubali kulipa nauli ya kuja Kisumu kila mechi ya nyumbani?

Mama Akinyi: Baba Wafula, sisi wa huku tumeilipa nauli hiyo kwenda Nairobi tangu nikiwa msichana. Na wao wapande basi.