Ghorofa Sakina au vyumba vya uani Kijenge? Nishaurini kabla sijalipa kodi

Mgeni_Babati
Wakuu habari za jioni. Nimehamia Arusha kikazi, wiki ya tatu nimejibanza kwa ndugu. Dalali kanionyesha sehemu mbili: ghorofa Sakina, familia nane ngazi moja, na vyumba viwili Kijenge, uwanja mmoja na wapangaji watatu pamoja na mama mwenye nyumba. Sakina nilienda usiku, nikasikia kila kiti kinachoburutwa juu. Kwetu jirani wa karibu yuko ng'ambo ya shamba la mahindi. Wapi mtu anawazoea majirani haraka? Dalali anataka jibu keshokutwa.

Ngarenaro_Damu
Mkuu, hujasema kodi, hujasema kazi iko upande gani, una familia au uko mwenyewe. Tukushauri nini hapo?

MamaPacha
Na LUKU? Kila mtu ana mita yake au mnachanga?

Mgeni_Babati
Samahani. Sakina 350,000, Kijenge 200,000, kote miezi sita mbele. Kazi Njiro. Nina mke na mtoto wa miaka miwili. LUKU sikuuliza.

Ngarenaro_Damu
Basi Kijenge. Sakina iko barabara ya Namanga, Njiro upande mwingine kabisa wa jiji. Utachoka na daladala kabla hujachoka na majirani.

MamaPacha
Mdogo wangu, usilipe kabla hujaiona mita. Niliishi uani na mita moja, kaya nne, kila mmoja anatoa sawa. Mmoja alikuwa na friza mbili za barafu za kuuza. Tukimwambia aongeze, anasema friza hazili umeme. Usiku mmoja pacha mmoja ana homa kali, umeme ukaisha saa nane. Nagonga mlango huu, "nilinunua juzi." Nagonga ule, kimya, na redio nilikuwa nimeisikia. Nikampima mtoto joto kwa mwanga wa simu hadi chaji ikaisha. Asubuhi nikanunua umeme kwa hela ya maziwa, friza zikaanza kuunguruma. Nililia. Uswahilini nakupenda, watoto wangu wamelelewa na wengi, ila mita moja sirudii.

Njiro_Juu
Pole sana dada. Mimi ni wa ghorofa, mwaka wa sita. Kelele za viti zilinisumbua mno, nikapanda juu Jumapili na mkungu mdogo wa ndizi, nikajitambulisha. Kumbe dada wa watu ni muuguzi, anarudi zamu usiku anakula. Tukakata ndala chakavu, tukabandika chini ya miguu ya viti. Kelele zimekwisha, na ufunguo wangu wa akiba anao yeye. Mgeni, panda ngazi ukasalimie kabla hujakasirika. Na nguo zikamue vizuri, zisimchuruzikie wa chini. Mwezi wa saba hapa hazikauki siku mbili.

Fundi_Stima
Kwenye mita kuna jambo jingine. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Ilianza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 2023 ikawa 1,500. Anayenunua umeme ni mpangaji, jengo si lake. Mwambie mwenye nyumba aitoe kwenye kodi ya pango.

Ngarenaro_Damu
Nani atakubali? Ukidai hiyo unaambiwa hama.

Fundi_Stima
Wangu alikubali, tukaandika kwenye mkataba. Tunyamaze mpaka lini?

MamaPacha
Mimi namfikiria mtoto. Ana miaka miwili, meno ya utu uzima yanajengeka sasa. Uliza maji yanatoka wapi. Chemchemi na visima vingi vya kuzunguka Mlima Meru vina floridi nyingi kwa sababu ya miamba ya volkano, na kuchemsha hakuitoi. Wanangu meno yana madoa ya kahawia, na nilikuwa nachemsha kila siku.

Mgeni_Babati
Dada, hilo sikulijua kabisa. Jumamosi narudi kote kuwili na mke wangu, usiku, niione mita na niulize maji. Kuna aliyetumia kichujio cha mkaa wa mifupa, kile cha kupunguza floridi, nyumbani? Kinadumu muda gani?

Njiro_Juu
Hata mimi nakihitaji. Mwenye nacho atuambie.