Kalala kilomita elfu mbili, kaendesha 30 za mwisho, POLE KAPEWA YEYE

Wakuu naandika hapa hata viatu sijavua, mgongo umekauka kama ubao. Msiniulize jina lake, mnamjua, kila familia inaye mmoja.

Siku tatu barabarani. Huyo bwana kalala tangu tunatoka getini, kalala kwenye lami, kalala kwenye makorongo, siku ya pili tairi limepasuka nikapiga jeki na yeye YUMO NDANI, yaani nilimnyanyua yeye pamoja na gari. Shavu lake limechorwa na mkanda wa siti utadhani mchoro wa barabara. Kazi yake ilikuwa moja tu, kila tukisimama sheli anafumbua jicho moja "tumefika?" anamaliza biskuti anarudi usingizini.

Leo siku ya mwisho ndio mbaya kuliko zote maana mwili ushajua nyumbani karibu, unaanza kulegea wenyewe. Saa nane mchana macho yanavuta, nimeshusha vioo, nimeimba, nimejipiga vibao. Zimebaki kama kilomita 30 nikasimama pembeni kuchimba dawa. Kurudi namkuta kwenye usukani, kashavuta siti mbele, kashageuza vioo, "pumzika mdogo wangu, hapa namalizia." Nikasema leo Mungu kamgusa. Nikaenda kukaa nyuma na mabegi.

Honi kaanza kupiga kuanzia kona. Mama katoka mbio. Jamaa anashuka taaaratibu, ananyoosha mgongo, ANANYOOSHA MGONGO WAKUU, anavunja vidole, "njia ndefu hii, asikwambie mtu." Mama kamkumbatia, pole mwanangu, asante umewafikisha salama. Halafu kanigeukia mimi nashuka siti ya nyuma na mfuko wa takataka mkononi: "Na wewe umelala njia nzima, hata kumpokea mwenzio?"

Kumpokea. MIMI.

Sasa hivi yuko sebuleni kawekewa miguu kwenye beseni la maji ya moto. Miguu ipi? Iliyokanyaga nini?

Tairi Kipara: Nimecheka hadi nimepaliwa. Ila mkuu kosa lako, funguo uliziacha garini kwa nini?

Mleta uzi: Nilikuwa nachimba dawa mkuu, funguo ningeenda nazo za nini?

Dada Breki: Alivyonyoosha mgongo ulikuwa umesimama wapi? Nataka kupata picha vizuri.

Mleta uzi: Nyuma yake dada, na mfuko wa takataka. Maganda ya biskuti ZAKE.

Mzee wa Gia Tatu: Kijana, utani pembeni. Ukiwa kasi 100 kwa saa, gari linakula karibu mita 28 kila sekunde. Ukisinzia sekunde nne umekwenda zaidi ya mita mia hakuna dereva. Vioo na kuimba havisaidii kitu, unapaki sehemu salama unalala dakika 20. Huyo mwizi wa pole huenda ndiye kakuokoa.

Mleta uzi: Mzee shikamoo, lakini hapo kwenye kuokoa umeniua kabisa.

Tairi Kipara: Kwa hiyo pole alistahili 😂😂 uzi ufungwe

Siti ya Dirishani: Wewe una afadhali, wako alikuwa analala. Wangu ana ramani kwenye simu, kona anaitangaza tukishaipita. "Ilikuwa ile." Ilikuwa! Siku ya mwisho tumegeuza gari mara sita na barabara yenyewe imenyooka.

Dada Breki: Mimi wa kwangu taa ya mafuta imewaka, anasema "hii huwa inafika." Gari zima tumekaa kimya tunasikiliza injini kama tunamsikiliza mgonjwa. Haikufika.

Mleta uzi: Poleni, ila turudi kwenye mada jamani, kanyoosha mgongo mbele ya mama yangu mzazi

Fundi Kimya: Hiyo taa ikiwaka huwa yamebaki ya akiba, lita ngapi inategemea na gari, soma kitabu cha gari lako. Na dada, mlikuwa mmewasha AC?

Dada Breki: Imewashwa mwanzo mwisho. Mwenyewe hataki vioo vishushwe.

Siti ya Dirishani: Ndio maana. AC inakula mafuta, vioo ni bure.

Fundi Kimya: Bure mjini ukienda polepole. Barabara kuu upepo unakuvuta, kasi ikizidi mara mbili ukinzani wa hewa unazidi mara nne. Hapo funga vioo washa AC.

Siti ya Dirishani: Mara nne umepima na nini fundi?

Mzee wa Gia Tatu: Yuko sahihi. Na upepo wa tairi mnaangalia asubuhi likiwa la baridi au mnasubiri mpaka limechemka?

Tairi Kipara: Wengine hatuangalii kabisa, jina langu linajieleza

Mleta uzi: Wakuu kamaliza maji ya moto ANAOMBA MENGINE

Siti ya Dirishani: Fundi hujanijibu, gari dogo na gari kubwa hiyo mara nne ni ileile?